Dawa ya kunolea kwenye mkanda: usije ukaua makali ya wembe

Juzi mdogo wangu, kinyozi, kaniletea wembe wake wa kukunja. Unang'aa kama kioo, lakini ukigusa shavu unavuta ndevu. Ugonjwa huo naujua, nilishauugua.

1. Angalia makali kwenye mwanga. Yamemeguka? Achana na dawa (zile chembe za kunolea zinazopakwa kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea wembe), rudi kwenye kinoo. Dawa ni ya wembe uliokuwa mzuri ukaanza kuchoka.

2. Mimi natumia ya kijani, oksidi ya kromi, chembe za mikroni 0.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ya almasi ya mikroni 0.25 inakula chuma upesi, ila makali yake huniwasha shingo. Dawa ya kung'arishia rimu usiniambie kabisa.

3. Usipake kwenye mkanda wako wa kila siku, maana ikishaingia kwenye ngozi haitoki. Tafuta kipande kingine cha ngozi ukigandishe juu ya ubao ulionyooka. Chora mistari michache kama unavyochora kwa chaki, kisha sambaza kwa kidole. Ukiuona ubao umekuwa kijani kibichi, umezidisha.

4. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Nilipaka dawa kwenye mkanda wa kuning'inia, nikaulegeza, nikakandamiza. Ngozi ikilegea hujikunja na kupanda nyuma ya makali, kwa hiyo chembe zinakula ncha yenyewe hadi inakuwa mviringo. Nilivyoona haukati nikazidi kuvuta, mara mia na kitu, kumbe nazidi kuuharibu. Ilibidi nianze upya kwenye kinoo laini cha namba 8000.

Basi laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Mgongo utangulie, makali yafuate. Ukifika mwisho geuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Ukigeuzia upande wa makali utakata ngozi. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Kwenda na kurudi mara kumi, acha. Una wasiwasi? Paka makali wino wa maka peni, vuta mara mbili. Wino ukitoka nchani tu na kubaki nyuma yake, unakandamiza au ubao wako una bonde.

5. Pangusa wembe, nawa mikono, halafu mara 40 kwenye ngozi safi.

6. Jaribu kwenye shavu, si kwenye kucha. Ukikaa pwani, upake mafuta ya cherehani kabla ya kuukunja. Kutu ya usiku mmoja inatosha kukurudisha kwenye kinoo.