SOMO: Meza ya useremala isiyoyumba

Wakuu, kinachoua meza ya fundi ni kusukumwa. Ukipiga randa unaisukuma mbele nyuma kutwa, sasa kama miguu umeipiga misumari tu itaanza kucheza mapema, kwa hiyo tumia akili kwenye maungio ya miguu kabla ya kuwaza uso mzuri.

1. Urefu. Simama wima mikono ikining'inia, pima toka sakafuni mpaka kifundo cha mkono. Kama unapiga sana randa ya mkono shusha kidogo, uzito wa mwili ukusaidie.

2. Miguu na mbao za kuifunga. Hapa usikimbie. Tumia ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao unaichonga iwe nyembamba (ulimi) iingie kwenye tundu la mguu, ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao. Pande fupi tia gundi kabisa, halafu piga pini ya mbao, ila tobo la kwenye ulimi lisogeze milimita 1.5 hivi kuelekea kwenye bega la ulimi (pale ulimi unapoanzia), pini ikiingia inavuta kiungo chenyewe. Pande ndefu mimi naweka bolti, ikilegea unakaza, ukihama unafungua. Mbao hizo ziwe pana, sentimita 12 hadi 15, kwa sababu upana ndio unazuia kuyumba.

3. Uso. Unene sentimita 7 mpaka 10, nyuzi zote zielekee upande mmoja. Usiugundishe kwenye fremu! Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana, ukiibana kotekote itapasuka. Kaza skrubu za mbele, za nyuma toboa matundu marefu ziweze kutembea. Na miguu ya mbele iwe sawasawa na ukingo wa uso, ukitaka kubana ubao mrefu kwa ubavu unauegemeza hapo.

4. Jiliwa (kile kibanio cha kushikia mbao mezani) funga mwisho.

MASWALI

– Mkuu mbao laini zinafaa?
Zinafaa, muhimu ziwe zimekauka. Tena kazi yako ikigonga meza, bora ibonyee meza.

– Sina mkono mzuri wa patasi, tundu nalipataje?
Mguu utengeneze kwa vipande vitatu vya kugundisha, cha katikati ukiache na pengo. Tundu tayari, hujachonga kitu.

– Droo naweza kuweka chini?
Ukiweka, shusha sentimita kadhaa toka kwenye uso, la sivyo klampu (vibanio vya mkono) hazipati pa kushika. Mi naona bora rafu chini kabisa, upange vitu vizito.