Namna ya Kukadiria Umri wa Picha za Kale za Nchi Takatifu

Picha ya kale ya Yerusalemu iliyohifadhiwa parokiani ilikuwa bidhaa ya dukani kabla ya kuwa kumbukumbu ya ibada. Kuna mtu aliyeipiga ili aiuze, akaipa namba ya katalogi, akaiandikia maneno ambayo mnunuzi alitarajia kuyasoma. Anayetaka kujua umri wake aanze na hali hiyo ya biashara, ayaache maandishi ya chini ya picha hadi mwisho, kwa sababu ndiyo yanayopotosha zaidi.

Hapa Bukavu picha za namna hii hutokea katika masanduku ya parokia, katika maktaba za mashirika ya kitawa na katika nyumba za familia za makatekista wa zamani. Mapadri Weupe, ambao wengi wetu huku Kivu tumebatizwa au tumesomeshwa nao, ndio waliokabidhiwa Kanisa la Mtakatifu Ana mjini Yerusalemu mwaka 1878. Kwa hiyo si ajabu kukuta picha ya Mlima wa Mizeituni katikati ya daftari za ubatizo.

Fanya kazi karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, kwenye meza kavu iliyotandikwa karatasi nyeupe. Wakati wa masika ni vyema kungoja siku kavu, kwani unyevu hulainisha gundi ya kadi na picha huweza kushikamana na kitu chochote kilicho chini yake. Kifaa kinachohitajika kweli ni lenzi ya kukuza, kama ile wanayotumia mafundi saa wa Kadutu. Ongeza rula na penseli laini, wala usiweke kalamu ya wino mezani.

Chunguza kwanza karatasi. Nakala nyingi za kuuzwa, kuanzia miaka ya 1850 hadi karibu na 1895, zilichapwa kwenye karatasi ya albumeni, yaani karatasi nyembamba sana iliyopakwa ute wa yai na kutiwa chumvi za fedha. Kwa kuwa hujikunja ikiachwa peke yake, karibu kila mara imebandikwa kwenye kadi nene. Iinamishe kidogo kwenye mwanga: utaona mng'ao hafifu, sehemu nyeupe zilizogeuka manjano, na vivuli vya rangi ya kahawia au zambarau iliyofifia. Chini ya lenzi nyuzinyuzi za karatasi zinaonekana wazi kupitia picha yenyewe. Ukikuta picha isiyong'aa kabisa, ambayo taswira yake imezama ndani ya karatasi, huenda ni karatasi ya chumvi ya zama za mwanzo, kama zile za Auguste Salzmann aliyepiga picha Yerusalemu mwaka 1854. Hizo ni adimu, na busara inakutaka utilie shaka kabla ya kufurahi. Nakala ya jelatini, iliyotawala katika karne ya 20, huficha nyuzi za karatasi, ina weusi halisi, na mara nyingi sehemu zake za giza huonyesha utando wa fedha wenye kung'aa kwa ubuluu. Lenzi ikikuonyesha vitone vilivyopangwa kwa safu, basi hicho ni kipande cha kitabu au postikadi.

Picha za rangi zina njia yake. Kampuni ya Photoglob ya Zürich iliuza picha za fotokromu zilizotokana na negativu (kioo au filamu ya asili ambayo nakala huchapwa kutokana nayo) ya rangi nyeusi na nyeupe, kisha zikatiwa rangi kwa mawe ya lithografia, yaani mawe ya kuchapia, jiwe moja kwa kila rangi. Tafuta herufi P.Z. pamoja na namba na jina la mahali, mara nyingi kwa maandishi ya dhahabu. Rangi hizo zilichaguliwa karakanani, kwa hiyo usizitumie kama ushahidi wa rangi halisi ya anga au ya mavazi.

Baada ya karatasi, tafuta muuzaji. Félix Bonfils, Mfaransa aliyehamia Beirut mwaka 1867 na kufungua studio pamoja na mkewe Lydie, jina lake huandikwa kwenye negativu yenyewe, pembeni chini, pamoja na namba na jina la Kifaransa. Francis Frith, Mwingereza aliyesafiri Misri na Palestina kati ya 1856 na 1860, aliunda kampuni kubwa ya kuuza picha. Kadi nene zenye picha mbili zinazofanana, za Underwood & Underwood, zilitengenezwa ili zitazamwe kwa stereoskopu, kifaa kinachoziunganisha zionekane kama picha moja yenye kina, na nyuma yake jina la mahali huandikwa kwa lugha sita. American Colony, jumuiya ya Kikristo ya wageni walioishi Yerusalemu, iliuza picha tangu mwisho wa karne ya 19, zikiwemo zilizopakwa rangi kwa mkono.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Negativu ya kioo ilikuwa mtaji, na mtaji hautupwi. Bonfils alikufa mwaka 1885, lakini mkewe na mwanawe Adrien waliendelea kuuza nakala za negativu za zamani. Kwa hiyo kila picha ina tarehe mbili: ile ya kupigwa na ile ya kuchapwa, na zinaweza kutofautiana kwa miaka mingi. Karatasi hueleza ya pili. Ya kwanza hutafutwa katika majengo.

Majengo ya Yerusalemu ni kalenda nzuri kuliko maandishi yoyote. Tazama Lango la Yafa: ukuta uliounganisha lango na ngome ulibomolewa mwaka 1898 kwa ajili ya ziara ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, kwa hiyo ukuta ukiwa mzima picha ilipigwa kabla yake. Mnara wa saa ukiwepo juu ya lango hilo, picha ni ya kati ya miaka ya kwanza ya karne ya 20 na mwanzo wa miaka ya 1920, kwa kuwa Waingereza waliubomoa. Mnara mrefu wa Kanisa la Mkombozi la Walutheri, lililowekwa wakfu mwaka 1898, hauwezi kukosekana katika mandhari ya mji ya baadaye. Bustani ya Getsemane husaidia pia: kanisa la Kirusi la Maria Magdalena lenye kuba za vitunguu ni la 1888, na Kanisa la Mataifa Yote lilikamilika mwaka 1924. Kuba kubwa la Kaburi Takatifu likionekana limechakaa, picha ni ya kabla ya ukarabati wa mwishoni mwa miaka ya 1860.

Watu walio pichani wachukuliwe kwa tahadhari. Kolodioni mbichi, dawa iliyopakwa kwenye kioo ili kushika picha, ilihitaji kupakwa, kupigwa na kusafishwa kabla ya kioo kukauka, na kwa joto la safari yake ya Misri Frith alilalamika kwamba dawa zilichemka hemani mwake. Basi mtaa mtupu usidhaniwe kuwa mji ulikuwa mtupu, maana kupiga picha moja kulichukua sekunde kadhaa, na mtu anayetembea hakuacha alama. Mchungaji au mwanamke mwenye mtungi, mara nyingi aliagizwa asimame hivyo, na maneno ya Biblia yakaongezwa baadaye na muuzaji.

Kulinganisha, fungua mkusanyo wa Matson wa Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye negativu za American Colony unazoweza kuzitazama bure. Megabaiti zikiwa chache, nakala ndogo zatosha kwa majengo.

Mwisho, andika kwenye daftari mahali, aina ya karatasi, muuzaji na namba yake, vipimo vya picha bila kadi, kisha tarehe mbili kwa mistari miwili. Mfano: «Imepigwa: kabla ya 1898, ukuta wa Lango la Yafa haujabomolewa. Imechapwa: albumeni, si baada ya 1900 hivi.» Namba ya daftari iandikwe kwa penseli nyuma ya kadi, pembeni, bila kukandamiza.