Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi ya Kwanza

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo kila barua ya kuacha kazi huishia mezani kwangu. Mimi ndiye ninayekokotoa siku za likizo zilizobaki, notisi na makato ya mwisho. Vijana wengi hunijia wakiwa wameshasaini kwingine, wanauliza, "Sasa nitaondoka na kiasi gani?" Swali ni zuri, ila limechelewa. Anayekuja mapema namwambia haya.

Tuanze na mshahara, maana ndio wote tunaoukodolea macho. Usishindanishe mshahara ghafi wa huku na wa kule. Chukua kinachobaki baada ya kodi na makato, ukigawanye kwa saa zote ambazo kazi inakuchukua, za njiani zikiwemo. Tuseme sasa unabakiwa na 100 kwa wiki, unafanya kazi saa 40 na safari zinakula saa 5. Kule utabakiwa na 130, lakini kazi ni saa 50 na njiani 10. Huku unapata 2.22 kwa saa, kule 2.17. Nyongeza ya asilimia 30 imeyeyuka! Sisemi uikatae, pengine hizo 30 ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba. Jua tu kwamba unaziuza saa 15 zaidi kila wiki, tena kwa bei ya chini kidogo.

Angalia pia mshahara wenyewe umejengwaje. Kuna waajiri wanaoweka mshahara mdogo wa msingi kisha wanaujaza kwa posho. Mkononi unaonekana mnono, lakini mara nyingi michango ya pensheni hukokotolewa kwenye ule wa msingi. Bonasi nayo, kama haimo kwenye mkataba, usiihesabu kabisa.

Ukimaliza hesabu, njoo kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko fedha: kule utajifunza nini, na kwa nani? Kijana mmoja wa ofisini kwetu alipata nafasi yenye mshahara mzuri zaidi. Huku alikuwa anafunga hesabu za mwezi mwenyewe, kule angeingiza ankara tu kutwa nzima. Nikamwambia, mdogo wangu, rudi ukawaulize nani atakagua kazi yako, na aliyekuwa kwenye kiti hicho amekwenda wapi. Akajibiwa kwamba ndani ya mwaka mmoja wamepita watu watatu. Hakwenda. Lakini hali ingekuwa kinyume, yaani huku ndiko anakoingiza ankara na mkuu wake hana jipya la kumfundisha, ningemsukuma aende hata kwa mshahara uleule.

Kama kinachokukimbiza ni bosi mmoja au ujira mdogo, zungumza kwanza. Omba nyongeza ukiwa na orodha ya kazi ulizoongezewa tangu uajiriwe, na uombe jibu lenye tarehe. Ahadi ya "tutaangalia" nimeiona ikizeeka kwenye mafaili. Na wakikuongeza fedha baada tu ya kuona barua yako, uliza ni nini kingine kitabadilika. Kama kilichokuchosha hakikuwa mshahara, baada ya miezi michache utakichoka tena, safari hii wakikuangalia kama mtu aliyekwisha kuaga.

Ukiamua kuondoka, fuata utaratibu. Usimwambie mtu kazini mpaka mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili. Barua pepe ya "tumefurahi kukuchagua" haitoshi. Soma kipengele cha notisi kwenye mkataba wako wa sasa, kwa sababu ukiondoka kabla ya muda huo unaweza kukatwa malipo. Kama bonasi ya mwaka hulipwa kwa walio kazini tarehe fulani tu, itazame kalenda kabla ya kuandika barua. Kule mpya uliza kipindi cha majaribio ni cha muda gani na bima ya afya inaanza lini. Ikianza baada ya majaribio, na wewe unatumia dawa kila mwezi, hilo pengo utaliziba mwenyewe. Hifadhi hati zako za mshahara, omba barua ya utumishi ukiwa bado umo ndani, na siku za likizo zilizobaki ziandikwe kwenye barua ile ile ya kuacha kazi ili atakayekokotoa malipo yako ya mwisho asizikose.