Somo: Kubadilisha fyuzi kubwa ya muziki kwenye nganya (matatu iliyopambwa, yenye muziki mkubwa)

Muziki ukikatika gari likiwa Lang'ata Road, makanga huipiga fyuzi ya betri kofi moja, besi inarudi, safari ya Rongai inaendelea. Hapo ujue fyuzi haijaungua. Kilicholegea ni kiungio, na hicho ndicho cha kuogopa. Fyuzi hukata umeme ukipita kwa wingi kuliko kiwango chake, lakini joto la nati iliyolegea hailioni hadi plastiki ianze kunuka.

Nazungumzia fyuzi bapa za ANL, zile za bolti mbili zenye kidirisha, zinazokaa kati ya betri na amplifaya. Ikiwa imechakaa, usibadilishe fyuzi peke yake. Badilisha na holda (kishikio cha fyuzi), na lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) uzikate.

1. Pima kabla ya kufungua. Muziki ukiwa juu, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha moja kwenye lagi ya upande huu na nyingine kwenye lagi ya upande wa pili. Namba itacheza na besi. Shika ile ya juu kabisa. Ikibaki chini ya 0.1, hali si mbaya. Ikifika 0.5 wakati ampea 100 zinapita, hapo una wati 50 za joto, kama pasi ya kuungia waya kwa risasi iliyosahauliwa ndani ya kiboksi cha plastiki.

2. Chagua ampea kwa kuangalia waya. Hapa ndipo wengi wanapotea. Fyuzi ya kwenye betri haikuwekwa kulinda amplifaya. Inalinda waya usiwake ukigusana na bodi. Kwa shaba halisi, waya wa milimita za mraba 35 mimi naupa fyuzi ya 150, wa 50 naupa 200. Kisha hesabu mzigo: amplifaya ya wati 1500 za kweli (siyo zile 4000 za kwenye boksi), ikifanya kazi kwa asilimia 80, kwenye volti 13.5, inakula karibu ampea 139. Waya wa 35 unaibeba. Mzigo ukizidi uwezo wa waya, dawa ni waya mnene zaidi, siyo fyuzi kubwa zaidi.

3. Nunua kwa macho makali. Grogan na Luthuli, mitaa ya Nairobi ya vipuri na elektroniki, utapata nzuri na takataka kwenye meza moja. Mwombe muuzaji akupe ya 100 na ya 300 za aina moja, uzilinganishe kidirishani. Ukanda wa ndani ukiwa na upana na unene uleule, kilichobadilika ni stika tu. Waya nao ukwangue kwa kisu: ukiona nyeupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haibebi mkondo sawa na shaba ya unene huohuo.

4. Zima kila kitu, vua pete na saa, fungua hasi ya betri kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, betri nzima inapita kwenye spana.

5. Kata lagi za zamani hadi ufikie shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endelea kukata. Bana lagi mpya kwa koleo ya haidroli. Nyundo na patasi waachie wachomeleaji wa mageti. Risasi peke yake pia sitaki, kwa sababu kiungio kikipata joto inalainika na waya unachomoka.

6. Funga kwa mpangilio. Fyuzi na lagi zigusane uso kwa uso. Washa (kile kipete bapa cha chuma) inakaa juu ya lagi, chini ya nati, kamwe isiingie katikati. Nimefungua nganya za mamilioni nikakuta washa ya chuma imebanwa kati ya fyuzi na lagi, eti ili ikae vizuri! Kaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye holda, funika, na holda isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Rudisha hasi mwisho, pima tena kama mwanzo. Baada ya wiki ya matuta na mashimo, zima tena na ukaze upya.

Maswali ya wanachama

*Fundi, yangu ya 150 inakatika kila Ijumaa usiku. Niweke 250?*
Waya wako ni wa ngapi? Ikiwa ni 35, usithubutu. Pima volti za betri besi ikigonga. Zikishuka sana, baadhi ya amplifaya huvuta ampea zaidi ili kufidia. Anza na betri na alteneta.

*Naweza kutumia breka ya umeme ya nyumba? Niko na ya 63 imelala tu.*
Iache ilale. Umeme wa Kenya Power ni wa hezi 50, unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti kwenye sifuri, kwa hiyo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka. Tafuta iliyoandikwa DC, na ampea zitoshe mzigo.

*Gari ni Isuzu NQR ya volti 24. Nimechukua 12 kwenye betri moja. Kuna shida, mkubwa?*
Ipo. Betri hiyo inaishiwa huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na utazika zote mbili. Weka konveta ya 24 kwenda 12, au ikwalaiza ya betri (kifaa cha kusawazisha chaji ya betri mbili). Na kwa kuwa betri za NQR ziko kando ya chasisi, holda iwe ya kuzuia maji na tope.

*Nina boti Naivasha, injini ya petroli. Hatua ni hizihizi?*
Hatua ndizo, masharti yanaongezeka. Kiwango cha Marekani cha boti, ABYC, kinataka fyuzi iwe ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani karibu sentimita 18, ingawa waya wa stata umesamehewa. Tumia waya uliopakwa bati, maana unyevu huingia hadi ndani ya lagi. Holda ya kawaida usiiweke chumba kimoja na injini au tangi. Mvuke wa petroli hutulia chini ya boti, na cheche moja inatosha. Kabla ya kushika spana, fungua vifuniko upepo upite.