Mashine kuukuu ya espreso: jinsi ya kuipatia

Mashine za mtumba ninazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, nyingi zina boila moja ndogo (tangi la ndani linalopasha maji), themostati ya kawaida (kidude kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto) na swichi tatu basi. Wenyewe wameshazikatia tamaa. Ukifungua, pampu ni nzima. Kinachoharibu kahawa ni mafuta yaliyogandana, chokaa, kahawa iliyochakaa, na zaidi ya yote, joto ambalo mtu hajalisoma.

Hatua ya 1: Umeme. Mashine ya Ulaya hutumia volti 230 kama umeme wetu. Ya Marekani ni volti 120, itafutie transfoma. Bodi ni ya chuma na ndani mna maji, kwa hiyo soketi isiyo na waya wa ethi usiitumie kabisa.

Hatua ya 2: Safisha kichwa. Chomoa waya, ngoja ipoe. Fungua skrubu inayoshika kisahani chenye matundu, pale maji yanaposhukia. Nyuma yake utakuta utando mweusi wenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Kiloweke kisahani kwenye maji ya moto na sabuni, kisha sugua kwa mswaki. Bonyeza mpira unaozunguka kichwa kwa ukucha. Kama ni mgumu, haubonyei, badilisha, maana hapo ndipo maji yanapovujia.

Hatua ya 3: Ondoa chokaa. Yeyusha gramu 20 za sitriki asidi kwa lita moja ya maji, tia kwenye tangi, pitisha kidogo kichwani na kwenye mrija wa mvuke. Zima, ngoja dakika 20, pitisha yaliyobaki, suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Usiilaze na asidi usiku kucha. Boila ya aluminiamu italiwa.

Maji ya kisima huku pwani mara nyingi yana chumvi au chokaa. Yakiacha utando mweupe kwenye birika, usiyatie. Maji ya betri nayo si ya kunywa. Maji ya chupa yenye madini kidogo yanafaa.

Hatua ya 4: Kahawa. Kahawa chungu ya dele, pamoja na kashata yake, ina heshima yake barazani na mimi naipenda, ila unga ule si wa mashine hii. Tafuta buni iliyokaangwa karibuni, ikae kama wiki moja, uimalize ndani ya mwezi. Arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga inatoa ladha safi. Ukichanganya na robusta kidogo ya Kagera, povu la juu linakuwa zito. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo nunua kidogo kidogo, funga kwenye chombo kisichoingiza hewa, saga pale pale unapotaka kunywa.

Kisha geuza kichujio, kile kikombe cha chuma kinachotiwa unga, utazame chini. Kikiwa na kitundu kimoja tu, kimetengenezwa kusaidia unga uliosagwa ovyo, na utapata povu zuri kwa macho lakini ladha bapa. Chenye matundu mengi madogo ndicho kinachotoa espreso ya kweli, ila kinadai mashine nzuri ya kusagia. Kama fedha ni chache, ziweke kwenye mashine ya kusagia kabla ya kufikiria mashine mpya ya espreso. Mashine za Gaggia Classic na Rancilio Silvia hutumia kichujio cha milimita 58, kipimo cha mashine nyingi za mgahawani, hivyo kukipata si tabu.

Hatua ya 5: Soma joto. Washa mashine nusu saa kabla, mpini unaobeba kichujio ukiwa umefungwa mahali pake, ili chuma chote kipate moto. Themostati ya zamani huachia joto lishuke sana ndipo iwashe, kisha hulipitisha juu ya kiasi. Espreso inataka nyuzijoto kati ya 90 na 96. Fanya hivi: fungulia maji bila kahawa mpaka taa ionyeshe boila imeanza kupasha. Funga. Ngoja hita ikate. Hesabu sekunde 30, ndipo utoe kahawa. Ikiwa chachu, siku inayofuata punguza kusubiri. Ikiwa chungu ya kuungua, ongeza. Maji yakitoka yanafoka na kutema mvuke, bado ni moto mno. Ukishaujua muda wa mashine yako, uandike, maana kila mashine ina wake.

Hatua ya 6: Toa kahawa. Pima gramu 16 kwa mizani, sawazisha, shindilia bila kupinda. Lenga gramu 32 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Ikikimbia, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida, saga nene kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia.

Hatua ya 7: Maziwa. Kahawa kwanza, mvuke baadaye. Maziwa ya ng'ombe ya hapa Tanga yachemshe, yapoze kwenye friji, ondoa utando wa juu. Mwaga maji ya kwanza ya mrija, kisha pasha mpaka mkono ushindwe kushika jagi. Ukimaliza futa mrija saa ileile, na usizime kabla ya kupitisha maji kichwani hadi yatoke mfululizo bila mvuke. Mvuke umeshakula maji ya boila, na ukiiacha tupu utaunguza hita.