Jinsi ya Kukadiria Athari ya Maji Baridi kwa Kasi ya Mashua ya Tanga

Mwongozo huu unamfaa mwanamashua wa Entebbe au Port Bell ambaye amezoea maji ya Ziwa Victoria, yenye joto la nyuzi 25 au karibu na hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na sasa anajiandaa kushindana katika ziwa la Ulaya lenye maji ya nyuzi 10. Mfano wetu ni mashua ndogo yenye urefu wa mita 4 majini, inayokwenda mita 1 kwa sekunde katika upepo mwanana.

Hatua ya 1: Safisha tumbo la mashua. Utando wa kijani unaoganda juu yake unaweza kuongeza msuguano kuliko tofauti yoyote ya joto tutakayoijadili, na usipouondoa hesabu zinazofuata hazitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Pima joto la maji. Zamisha kipimajoto kiasi cha sentimita 30, kwa kuwa siku ya jua kali isiyo na upepo tabaka la juu kabisa huwa na joto la kudanganya.

Hatua ya 3: Tafuta mnato, yaani uzito wa maji kutiririka kama ule wa asali ukilinganishwa na wa maziwa. Uzito wa ujazo wa maji hauna hoja kubwa hapa, maana kati ya nyuzi 25 na 10 hauongezeki hata kwa asilimia 0.3. Kinachobadilika ni mnato, ambao ukigawanywa kwa uzito wa ujazo hupanda kutoka milimita za mraba 0.89 kwa sekunde hadi 1.31, yaani karibu nusu zaidi. Wengi huishia hapa na kutangaza kwamba mashua itakuwa nzito kwa kiasi hichohicho, jambo ambalo si kweli, kwa sababu maji yanayopita ubavuni huvurugika, na katika mvurugiko huo msuguano hupanda polepole sana kuliko mnato.

Hatua ya 4: Kokotoa msuguano. Zidisha urefu kwa kasi, kisha ugawanye kwa mnato huo ukiwa katika mita za mraba kwa sekunde, upate namba ya Reynolds, inayoonyesha jinsi mwendo unavyoushinda mnato: takriban milioni 4.5 kwa maji ya Entebbe na milioni 3.1 kwa maji baridi. Halafu tumia kanuni ambayo wataalamu wa majaribio ya meli waliikubali mwaka 1957: chukua logi ya namba hiyo (ya msingi wa 10), toa 2, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawanya 0.075 kwa ulichopata. Utapata vipimo vya msuguano vya 0.00347 na 0.00373, tofauti ya asilimia 7 hadi 8.

Hatua ya 5: Geuza tofauti hiyo kuwa kasi. Kwa kuwa ukinzani hukua karibu na mraba wa kasi, hasara haizidi asilimia 4. Upepo ukikaza itakuwa ndogo zaidi, kwani hapo nguvu nyingi hupotea katika mawimbi ambayo mashua yenyewe huyasukuma, nayo hayategemei mnato.

Hatua ya 6: Hesabu hewa pia. Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya nyuzi 25 ina takriban kilo 1.03 kwa mita ya ujazo, ilhali hewa ya nyuzi 10 kwenye usawa wa bahari ina kilo 1.25. Upepo wa kasi ileile utalisukuma tanga kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 20, hivyo mashua itakwenda haraka kuliko nyumbani licha ya maji baridi. Katika Ziwa Bunyonyi, nchini Uganda, kwenye mita 1,962, mambo hugeuka: hewa ni nyepesi zaidi na maji ni baridi kuliko ya Entebbe, kwa hiyo unapoteza kotekote.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa kuvuta. Funga mashua kwa kamba ndefu nyuma ya boti ya injini, nje ya mkondo wake, na katikati weka mizani ya kidijitali inayoonyesha gramu. Ile ya saa ya wauza samaki haitaona tofauti ndogo hivi. Vuta kwa kasi moja ya GPS, kwenda na kurudi, ukiwa na uzito uleule wa mabaharia.

Hatua ya 8: Rekebisha tanga. Hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi, tabaka la chini hupoa na kutulia bila kuchanganyika na la juu, na upepo wa kileleni mwa mlingoti huwa mkali kuliko wa chini, mara nyingine ukitoka upande tofauti kidogo. Legeza kamba inayovuta boriti ya tanga kuelekea chini, ili sehemu ya juu ya tanga ifunguke zaidi kuliko ulivyozoea nyumbani.