Mgonjwa akisema "niache nife": namna ya kujua kama anaamua mwenyewe

Nenda kumpima mgonjwa asubuhi. Nalitanguliza hili kwa sababu nililikosea. Babu mmoja huku Kilolo, Iringa, mwenye saratani ya umio, nilimfikia jioni, baridi ya Julai, morfini, dawa yake ya maumivu, ya mchana imeshaisha nguvu. Akanishika mkono: "Mwanangu, nipe dawa nilale moja kwa moja." Nikaandika kwenye faili kwamba amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa anaumwa.

Sheria yetu Tanzania inakataza kumsaidia mgonjwa kujiua. Oregon, jimbo la Marekani, inaruhusiwa tangu 1997, ila madaktari wawili waridhike kwamba mgonjwa ana uwezo wa kuamua, na wakishuku ugonjwa wa akili humpeleka kwa mtaalamu. Uwezo huohuo sisi tunaupima mgonjwa anapokataa upasuaji au mpira wa kulishia.

Kabla ya swali lolote, tuliza maumivu. Angalia homa, upungufu wa maji, mkojo uliofunga, dozi ya morfini iliyopandishwa jana. Vyote huvuruga akili kwa muda. Kama halali usingizi, hali chakula, na anajiona mzigo kwa watoto, chunguza sonono, maana inatibika.

Kisha waombe ndugu watupishe. Hapo ni pagumu, kwani mtoto wa kwanza ataona umemdharau. Mwambie kwa heshima kwamba utamwita baada ya robo saa, na umwite kweli.

Anza na "Kamwene", salamu ya Kihehe. Kiswahili kikimpa tabu, ongea Kihehe, au tafuta mkalimani asiye wa ukoo. Mweleze ugonjwa kwa maneno machache, halafu yeye akueleze: "Babu, jirani akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?" Anayeitikia "ndiyo, ndiyo" bado hujampima. Sikiliza kama anajua kwamba haya yanampata yeye. Uliza anaogopa nini akikubali, na nini akikataa. Jibu lake lisipokupendeza, usilihesabu kuwa upungufu wa akili. Rudi siku nyingine, uulize tena.

Kesho yake asubuhi, baada ya dozi, babu hakutaja kufa. Mpira aliukataa: alijua bila huo atadhoofika upesi, lakini alitaka kubaki kwake, anywe uji kadiri utakavyopita. Chini ya maandishi yangu ya jana nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikaweka tarehe na saa: ana uwezo wa kuamua.